Mkono Usiokuwa wa Ucircan

Siku ya tatu ya matanga, mwanamke mmoja mnene alisimama mbele yangu na sufuria ya samaki kichwani, akaniita kama dada mkubwa, "Yaya Esta, unanikumbuka?" Nilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, nikichagua maharagi pamoja na wamama wa kanisa. Mbele ya nyumba, chini ya turubai, watu walikuwa wanamsimulia marehemu Papa Baguma kwa maneno makubwa, na mimi sikuwa na nguvu ya kuyasikiliza. Nikamtazama yule mwanamke. Kazi yangu imenipitishia nyuso nyingi, na uso wake haukunijia. Nikamuuliza bila kufikiri, "Jina lako nani?"

Akacheka mpaka sufuria ikatikisika. "Wamama, musikie! Huyu anauliza ile swali yake mpaka ku matanga!" Akatua sufuria, akanishika mkono wenye vumbi la maharagi, akauweka upande wa kuume wa tumbo lake, chini, karibu na nyonga. Chini ya kitenge nikasikia kitu kigumu kidogo, kama ngumi iliyofumbwa.

"Furaha," nikasema.

"Polepole, Yaya, usiiminye," akasema mwanaume aliyemfuata na kreti ya soda begani. "Ile ni yangu. Nilimuazima tu."

Huyo alikuwa Ucircan, kaka yake. Walikuwa wametoka Mahagi tangu alfajiri, wawili juu ya moto moja, yaani pikipiki, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye kope zao. Waliketi nasi pale pale kwenye mkeka, wakaanza kuchagua maharagi, na mimi nikatazama mikono ya Ucircan ikienda na kurudi kwenye ungo. Ninaweza kusahau uso, lakini mikono ile nitaijua mpaka nife.

Waliokuwa mbele ya nyumba walisema Papa Baguma alikuwa mtu wa watu, nguzo, baba wa labo, maabara ya hospitali yetu. Ni kweli. Mimi nilisoma miaka minne ya ufundi wa labo, nikapata diploma, nikaishia hapo, na maneno ya namna hiyo hayanitoki vizuri. Ninachoweza ni kuandika mwaka mmoja, ule wa stage yangu, nilipokuwa mwanafunzi wa mazoezi chini ya mkono wake. Hakuna atakayeusimulia mwaka huo chini ya turubai, kwa sababu ndani yake mna kosa, na kosa lilikuwa langu.

Labo yetu ilikuwa vyumba vitatu vilivyopangana. Cha kwanza kilikuwa cha kutolea damu: meza, viti viwili, na ukuta wa triplex, mbao nyembamba, uliopakwa rangi ya kijani. Nyuma ya ukuta huo palikuwa na korido ambamo jamaa za wagonjwa walingoja, na triplex haizuii kitu, kwa hiyo mwaka mzima nilisikia ndoa za watu, deni za watu na sala za watu huku nikifunga mpira kwenye mkono wa mtu mwingine. Chumba cha pili kilikuwa na darubini, frigo ya kuhifadhia damu, na mashine ya kuzungusha vichupa ambayo tuliizungusha kwa mkono umeme ulipokatika. Cha tatu kilikuwa cha Papa Baguma. Humo ndimo tulimokula. Saa nne Mama Sifa, aliyesafisha labo tangu kabla sijazaliwa, alileta bui, yaani uji wa moto, na mikate ya mafuta ndani ya ndoo yenye kifuniko. Saa saba alileta maharagi na ugali wa muhogo, siku nyingine samaki. Papa Baguma alikula polepole, akipanga miiba ya samaki pembeni ya sahani kama mtu anayepanga vioo vya darubini.

Alikuwa na desturi moja iliyotuchekesha. Kila mtu aliyeketi kwenye kiti cha kutolea damu alimuuliza jina lake, hata kama alimjua tangu utoto. Siku moja mke wake alikuja kupimwa malaria. "Jina lako nani?" akamuuliza. Mke wake akamkodolea macho. "Baguma, weye umelewa?" "Sema jina, mama." "Jina langu ni mutu anayekupikia!" Alingoja, sindano mkononi, mpaka alipolisema. Kisha akatoa damu, kisha akaandika jina kwenye kichupa, mke wake akiwa bado ameketi pale. Kuuliza, kutoa, kuandika, na mtu asiinuke kabla. Mama Sifa alisema, "Huyu siku atafika mbinguni, ataanza kuuliza Petro jina yake."

Mimi nilicheka pamoja na wengine, na sikuifuata desturi ile kila siku. Miezi yangu minne ya kwanza niliifanya kwenye chumba cha pili, upande wa damu ya kuongezea wagonjwa. Mgonjwa akipewa mfuko wa damu, jamaa zake wanaleta mtu wa kutoa mwingine, ili frigo isibaki tupu. Familia inamchagua mmoja, tuseme mjomba. Mjomba ana malaria, au ana safari, au anaogopa sindano, basi anamtuma shemeji. Shemeji anafika anasema, "Niko kwa ajili ya mujomba." Sisi tulipima damu yake kama inavyotakiwa, na mfuko ulipata namba yake, lakini kwenye kitabu tuliandika jina la mjomba, maana yeye ndiye aliyepewa mzigo na familia, na jina lake likishaandikwa hakuna wa kumsumbua tena. Kila mtu Bunia alijua hivyo. Mfuko umejaa, mambo yamekwisha. Mkono wangu ulizoea kuandika jina la aliyetuma.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha kwanza, na mwaka ulipokuwa karibu kwisha akaja Furaha. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, uso umevimba asubuhi na miguu imevimba jioni. Mafigo yake yalikuwa yanakufa. Daktari alisema bado hajafika kwenye mashine ya kusafisha damu lakini atafika, na kwamba kuna njia: ndugu ampe figo moja, waende India. Ila kabla ya safari lazima damu yao ipelekwe Kampala, wapime alama za mwili, ili ijulikane kama mwili wa Furaha utaipokea figo ya ndugu au utaifukuza. Walitakiwa watu watatu: Furaha, mama yake, na Ucircan. Baba yao alikuwa na presha, hakuhesabiwa.

Sikuwa nimewahi kusikia kipimo hicho. Papa Baguma alinifundisha saa saba, juu ya chakula. Alisukuma ugali pembeni akachukua maharagi kutoka kwenye mchuzi. "Kila mutu iko na mbili," akasema. "Moja alipewa na mama, moja na baba. Huyu ni mama: nyeupe moja, nyekundu moja. Mutoto wake lazima awe na nyeupe ya mama ama nyekundu ya mama. Ile ingine inatoka kwa baba. Sasa ukiona mutoto hana nyeupe, hana nyekundu, utasema nini?"

"Nitasema si mutoto wake."

"Hapana. Utajiuliza kwanza: hii nilichukua kwa sahani gani?" Akayala maharagi yote, ya mama na ya mtoto, akaniambia nioshe mikono.

Siku ya kutoa damu, Furaha na mama yake walifika mapema na Papa Baguma akawahudumia mwenyewe. Ucircan alikuwa afike baadaye. Mzigo wa vichupa ulikuwa uondoke kwa njia ya Mahagi mchana huo huo. Saa tano Papa Baguma aliitwa kwenye mkutano wa madaktari, na mimi nikabaki na kichupa kimoja kitupu chenye kifuniko cha zambarau. Kijana akaingia mbio, akaweka kofia ya kuendeshea moto mezani, akasema, "Niko kwa ajili ya Ucircan." Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo, kwa majina mengine, kila siku kwa miezi minne. Nikamkalisha. Mshipa wake ulijificha; nilimdunga mara tatu na yeye akawa ananitania kwamba natafuta dhahabu. Nikaandika "Ucircan" kwenye kichupa. Sikumuuliza jina lake. Niliandika vile mkono ulivyozoea kuandika.

Karatasi zilirudi baada ya majuma matatu, kwa daktari, na daktari akamwita baba wa Furaha peke yake. Furaha alikuwa na alama ya mama yake, kama inavyopaswa. Ucircan hakuwa na hata moja. Daktari alisema matokeo si ya kawaida, yataangaliwa tena, lakini baba alisikia jambo moja tu, kwamba Ucircan si mtoto wa mama yake, na kabla jua halijazama alikuwa amemwambia dada yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafunga mkono wa mzee mmoja, na nyuma ya triplex nikasikia sauti ya dada huyo, shangazi wa akina Furaha. "Nilisema tangu zamani. Alienda Kasenyi na tumbo, akarudi na mutoto mugongoni. Nani wa kwetu aliona akizaa?"

"Nyamaza, watu wanasikia," akasema baba.

"Wasikie! Mutoto wake alikufa kule ku ziwa, akaokota wa wengine akatuletea. Miaka yote hii siye tunalea mutoto ya nani?"

Kisha sauti ya mama, chini kabisa. "Nilizaa huyu. Mukunga alikufa, lakini miye niko hai. Muniulize miye."

Hakuna aliyemuuliza. Yule mzee kwenye kiti akanitazama, mimi nikamtazama, na damu yake ikajaa kwenye kichupa kana kwamba hakuna lililosemwa.

Nilipotoka kumwita mgonjwa mwingine niliona kijana ameketi nje, kwenye ngazi za korido, mbali na sauti za wakubwa, mikono ya shati imekunjwa, viwiko juu ya magoti. Furaha alikuwa ameegemea bega lake, akisema, "Ucircan, niletee maji." Nikasimama pale pale. Mishipa ya mikono ile ilikuwa minene kama kamba za kufungia mizigo. Mtu angeweza kuichoma akiwa amefumba macho. Sisi wa labo tunakumbuka mishipa kuliko nyuso. Mkono nilioudunga mara tatu haukuwa huu.

Nilimfuata kwenye bomba la maji. "Ucircan, siku ile nani alikutoa damu?"

"Miye? Bado," akasema. "Lori nilipanda ilikufa njiani, Irumu, sikuweza kurudi. Nilimupigia Amani wa moto, akatoa pa fasi yangu. Alisema mulimupokea muzuri." Akanitazama kwa wasiwasi. "Baba anasema haifai. Kwani damu ya Amani haikutosha?"

Hawakuwa wamemwambia. Yeye alifikiri tunapima wingi, kama mfuko wa frigo. Alichokuwa anajua ni kwamba shangazi yake hamwitikii tena salamu.

Hapa ninaandika jambo ambalo Papa Baguma alilijua na hakuliambia mtu. Nilinyamaza siku mbili. Stage yangu ilikuwa imebakiza majuma sita. Nilimwambia Mama Sifa peke yake, tukikung'uta mikeka, na yeye akasema kwa kunionea huruma, "Sema ni Kampala ilikosea. Kampala iko mbali, haitasikia." Nililala na neno hilo. Lilikuwa neno tamu. Wangetuma damu tena, ingekuwa sawa, na mimi ningepata sahihi ya stage yangu. Siku ya pili, saa ya bui, Mama Sifa alirudi kutoka sokoni akasema mama yake Furaha amefukuzwa, ameonekana na karai lake la vyombo akielekea kwa kaka zake. Furaha amebaki nyumbani bila mtu wa kumpikia chakula kisicho na chumvi. Kikombe changu kilikuwa kimejaa. Nilikiweka chini, nikaingia chumba cha tatu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Niliposema "siku mbili" Papa Baguma alifumba macho kidogo. Hakunigombeza. Alifunika sahani yake ya mikate kwa sahani nyingine, akasema, "Vaa viatu. Twende kabla hawajala."

Nyumbani kwao baba alikuwa sebuleni, shangazi akimenya karanga kwenye kizingiti, Furaha na Ucircan kwenye mkeka. Papa Baguma alianza, "Labo yangu ilikosea." Nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Si labo, Papa. Ni mimi. Kichupa chenye jina la Ucircan si damu ya Ucircan. Niliandika jina bila kuuliza."

Shangazi hakuinua uso. "Mama yao amewapikia nini, mpaka muje na uongo mutamu hivi?"

Ucircan ndiye aliyemwita Amani. Alifika na moto yake mpaka mlangoni, na alipoelezwa akakunja mkono wa shati mbele ya wote. "Huyu mama alinidunga mara tatu! Nilimwambia, dada, dhahabu iko Mongbwalu, hapa hakuna!" Baba alicheka kwanza, kisha akafunika uso kwa mikono yake na mabega yakaendelea kutikisika, na haikuwa kicheko tena. Furaha akaanza kuuliza maswali, na kwa kujibiwa kwake Ucircan akasikia kwa mara ya kwanza kilichosemwa juu yake. Alimgeukia aliyeketi kizingitini. Kisha akasema bila hasira, "Shangazi, ndiyo maana hukuniitikia?" Shangazi alikuwa anatazama karanga zake.

"Nitaamini nikiona," akasema mwishowe.

"Utaona," akasema Papa Baguma. "Na weye utakuja kukaa pale pale."

Alikuja. Chumba cha kijani kilijaa: baba, shangazi, Furaha, Ucircan, na mama, aliyetoka kwa kaka zake na kusimama karibu na mlango kama mgeni. Papa Baguma alinipa sindano mimi. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Nani mwingine?" Mama akaketi. Nikamuuliza, "Jina lako nani?"

Alinyoosha mgongo. "Miye ni Anirwoth," akasema, kwa sauti iliyovuka triplex na kufika korido nzima. "Mama ya Ucircan. Mama ya Furaha." Ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule alikuwa anangoja mtu amuulize. Nikatoa damu, nikaandika. Akafuata Furaha, kisha Ucircan, na mshipa wake niliupata mara moja.

Yale majuma matatu ya kungoja yalikuwa marefu. Karatasi zilipofika, Papa Baguma aliiita familia saa saba kwa makusudi. Alikuwa na sahani tatu mezani na bakuli la maharagi makavu. Aliweka kwenye sahani ya mama nyeupe moja na nyekundu moja. Kwenye ya Furaha, nyekundu ya mama, na nyeusi moja ya baba. Kwenye ya Ucircan aliweka moja, nyekundu. Akangoja. Akaweka ya pili, nyeusi. Furaha na kaka yake walikuwa sawasawa, jambo ambalo hata kwa mama mmoja na baba mmoja haliwapati ndugu wengi. Shangazi aliziangalia zile sahani muda mrefu, akanyanyuka, akatoka.

Mama Sifa ndiye aliyetuletea mwisho wa habari, na siku hiyo hakuongeza kitu. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwa kaka zake Anirwoth, akachukua karai la vyombo, akalibeba kichwani mwake mwenyewe, akakata mtaa mzima mchana kweupe, akimtangulia wifi yake. Watu walitoka milangoni kutazama. Hakuomba msamaha kwa mdomo, na Anirwoth hakudai.

Daktari hakutia sahihi kwenye stage yangu. Aliniongezea miezi mitatu, na ilikuwa haki. Papa Baguma alinirudisha kwenye upande wa damu na rula mkononi, akaniambia nichore upya kitabu kizima: safu moja ya aliyetoa, safu nyingine ya aliyemtuma. Nilichora kurasa zote. Mpaka leo kitabu kile kina safu mbili, na wanaoanza kazi wanauliza kwa nini, na mimi ninawaambia yote, pamoja na zile siku mbili. Furaha na Ucircan walikwenda India mwaka uliofuata, wakarudi wote wawili, Furaha akiwa na figo ya kaka yake na ameanza kunenepa.

"Eti nilikuwa mutoto wa kuokotwa," Ucircan alikuwa anawaambia wamama pale kwenye mkeka, akitupa jiwe lililokuwa kwenye maharagi. "Sasa shangazi amezeeka, anataka akae kwangu tu. Anasema siye wawili tunafanana pua." Wamama walicheka, na mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu tuzike.

Sikuwaambia habari za juma la mwisho. Papa Baguma alilazwa kwenye hospitali ile ile, chumba cha mwisho, karibu na dirisha, na walipotaka damu yake alikataa kila mtu mpaka nifike. Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka mingi. Nilijua anavyokohoa, nilijua anapenda mkate ulioungua pembeni. Alikuwa amekonda, macho yamefumbwa, na mke wake alikuwa ananifutia kiti. Nilifunga mpira. Mshipa ulikuwa umebaki mmoja tu, mwembamba, wa buluu. Nilishika kichupa, nikainama karibu na sikio lake.

"Jina lako nani?"

Mke wake aliacha kufuta. Papa Baguma alifungua macho, akaniangalia kwa muda, na pembe za mdomo wake zikapanda polepole.

"Baguma," akasema. "Baguma Rusoke Yohana. Mutu wa Boga."

Nikatoa damu. Kisha, yeye akiwa bado ananitazama, nikaandika.